Mmisionari Mpya Ugenini: Mwongozo Kamili wa Kutulia Mwaka wa Kwanza

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wamisionari wapya yanafanana mno. "Huu ni mwezi wa nne, lugha haiingii." "Wenyeji wananichekea vizuri, lakini hakuna anayenikaribisha kwake." "Mke wangu halali usiku." "Kanisa nyumbani wanauliza wangapi wameokoka, niwajibu nini?"

Ukiyachimba, chanzo ni kimoja. Mtu ameshuka kwenye ndege Jumanne, Jumapili yuko madhabahuni, mwezi wa pili ameanzisha mradi, mwezi wa nne hana nguvu ya kuamka. Alianza kutumika kabla hajakaa. Mwongozo huu unahusu kukaa. Habari za wito na historia ya misheni nimeziacha, hizo umezisikia vya kutosha kwenye semina.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufunga mizigo

Nyaraka. Pasipoti kwanza. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita ya uhai, na kibali cha kuishi kwa kawaida hakizidi uhai wa pasipoti. Kama yako imebakiza chini ya miaka miwili, ifanye upya kabla ya kuomba viza. Beba vyeti halisi vya kuzaliwa, ndoa na elimu, cheti cha polisi cha tabia njema, na barua ya kanisa au shirika linalokutuma.

Ulizia mapema uthibitisho wa vyeti. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961 hupokea muhuri uitwao apostili. Kama nchi yako au uendako haimo, cheti hupita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Likamilishe hili ukiwa nyumbani. Kuthibitisha cheti cha ndoa ukiwa ng'ambo kunaweza kula miezi.

Afya. Pima afya yote, meno na macho yakiwemo. Cheti cha homa ya manjano hutambulika kuanzia siku 10 baada ya chanjo ya kwanza, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote kwa kanuni za afya za kimataifa, kwa hiyo usisubiri wiki ya safari. Dawa unazotumia kila siku zibebe za miezi mitatu, kwenye vifungashio vyake, na barua ya daktari inayotaja jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara. Zipo dawa za kawaida za maumivu na mafua ambazo nchi nyingine huzihesabu kama dawa za kulevya. Uliza ubalozi.

Bima. Soma mistari miwili: kusafirishwa kwa dharura kwenda hospitali ya nchi nyingine, na kusafirisha mwili ukifariki. Bima isiyo na hiyo miwili itawafanya ndugu zako wapitishe bakuli.

Fedha, mafungu matatu. Fungu la kuanzia: nauli, amana ya nyumba, vyombo, ada za vibali na za shule ya lugha. Fungu la kila mwezi. Na fungu la kurudi, yaani nauli ya familia nzima, kwenye akaunti ambayo hamuigusi hata mkiishiwa.

Ahadi iliyotolewa kwenye ibada ya kukuaga si fedha. Hesabu zile tu ambazo zimeingia miezi mitatu mfululizo.

Watu watatu. Mmoja nyumbani wa kushughulikia benki na nyaraka, mwenye hati ya kisheria ya kusaini kwa niaba yako. Wa pili wa kukusikiliza, na asiwe mchungaji wako wala anayekulipa, maana kwa hao utaficha mambo. Wa tatu ni mwenyeji wa huko uendako, atakayekupokea na kukubali kuulizwa maswali ya kijinga.

Andika na wosia. Najua wengi mnaona ni kujitabiria mabaya. Andika tu.

## Hatua ya 1: Wekeana maandishi na kanisa linalokutuma

Mwaka wa kwanza huharibikia nyumbani kabla hujapanda ndege. Wanaokutuma wanasubiri ushuhuda na wewe unahitaji muda, na kama hamjakubaliana, utaanza kukimbiza matukio ya kupiga picha.

Omba kikao na wazee wa kanisa, mtoke na ukurasa mmoja uliosainiwa. Aya yake muhimu inaweza kusema hivi:

> "Miezi 12 ya kwanza, kazi ya ndugu yetu ni kujifunza lugha, kuishi kati ya wenyeji na kushiriki katika kanisa la mahali kama muumini wa kawaida. Hatadaiwa takwimu za waongofu wala kuanzisha mradi. Atatuma taarifa kila mwezi. Kanisa litatuma fedha kabla ya tarehe 5. Mabadiliko yoyote ya kiasi yatatolewa taarifa miezi mitatu kabla."

Ongeza nani anaamua mtu akiugua, nani anaamua familia ikitaka kurudi, na nini kitatokea mchungaji akihamishwa. Hili la mwisho watu hulisahau. Mchungaji mpya hakuweka mikono juu yako wewe, naye ana miradi yake.

Mzee akisema mwaka mzima bila matunda ni mrefu, mkumbushe William Carey. Alifika India Novemba 1793, na Mhindi wa kwanza kubatizwa katika kazi yake, Krishna Pal, aliingia majini Desemba 1800.

Utajua hatua hii imekamilika pale mweka hazina, na si mchungaji peke yake, anapoweza kueleza kwa maneno yake utakachofanya miezi sita ya kwanza.

## Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza, usifanye huduma

Uwanja wa ndege, kabla hujaondoka kwenye dirisha la uhamiaji, soma muhuri. Uhai wa viza ni kitu kimoja na siku ulizopewa kukaa ni kitu kingine. Viza inaweza kuandikwa mwaka mzima huku muhuri ukikupa siku 30, na katika hizo 30 unatakiwa kuomba kibali cha kuishi. Iandike tarehe hiyo kwenye simu yako, na kwenye simu ya mwenyeji wako.

Halafu, kwa mpangilio huu:

1. Lala. Mwili hurekebisha takriban saa moja ya tofauti ya majira kwa siku. Tofauti ya saa saba ni wiki nzima ya kichwa kizito, na uamuzi wa kichwa kizito ni wa hasara.
2. Pata laini ya simu na namba za dharura za nchi hiyo.
3. Jiandikishe uhamiaji, au polisi kama ndiyo sheria yao, kisha ubalozi wa nchi yako.
4. Tembea kwa miguu njia tatu: ya kliniki, ya sokoni, ya kanisani. Kwanza na mwenyeji, kisha peke yako.
5. Piga picha nyaraka zote na umtumie mtu wako wa nyumbani.

Tahadhari kuhusu viza. Usiingie kwa viza ya utalii huku moyoni umehamia. Usijaze "mwalimu" kama hutafundisha. Zipo nchi zisizotoa viza ya umisionari, na wanaokwenda huko huingia kwa kazi halali kama Paulo na mahema yake kule Korintho. Lakini mahema yale yalishonwa kweli, na kuuzwa. Kampuni ya jina tu ni uongo, na siku ukifichuka watakaoitwa kuhojiwa baada ya wewe kufukuzwa ni wale waumini wenyeji uliokuwa ukiabudu nao.

Mwisho wa wiki ya pili uweze kwenda kliniki na kurudi bila kushikwa mkono, na uwe na stakabadhi ya maombi ya kibali mfukoni.

## Hatua ya 3: Panga nyumba mara mbili

Usisaini mkataba wa mwaka wiki ya kwanza. Kaa wiki nne hadi nane mahali pa muda: kwa familia, nyumba ya wageni ya kanisa, au chumba cha kupanga kwa mwezi. Ndani ya muda huo utajua maji hukatika wapi, kelele zinatoka wapi, na watu unaotaka kuishi nao wanakaa wapi hasa.

Kisha chagua nyumba yenye majirani wa lugha unayojifunza. Mtaa wa wageni wenzako una raha yake, nayo ni ghali, maana mwaka utaisha ukiongea lugha ya nyumbani.

Kipimo ninachopenda: je, jirani wa kawaida anaweza kubisha hodi kwako bila kupita kwa mlinzi na bila kujisikia ameingia kwa tajiri? Kama hawezi, nyumba ni kubwa mno hata kama kodi unaimudu. Usalama ni suala jingine. Hapo msikilize mwenyeji wako kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo.

## Hatua ya 4: Lugha ndiyo ajira yako

Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji saa 600 hadi 750 za darasani kumudu Kihispania au Kifaransa kikazi, na kama saa 2,200 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani au Kikorea. Wewe unaanzia kwingine, hivyo namba zako zitatofautiana. Ukienda kwa watu wa lugha ya Kibantu, ngeli zitakupokea kama ndugu. Lakini hesabu inabaki kuwa hesabu: saa 600 kwa saa 20 za wiki ni wiki 30, na saa 2,200 ni zaidi ya miaka miwili.

Kwa hiyo anayesoma saa mbili kwa wiki "kwa sababu huduma imebana" hajifunzi lugha.

Panga saa 20 hadi 25 kwa wiki, nusu darasani au na mwalimu binafsi, nusu mtaani. Nusu ya mtaani ndiyo watu huikwepa, kwa sababu ina aibu. Ifanye hivi:

Asubuhi, na mwalimu. Chagua jambo moja dogo utakalolisema leo. Siku ya kwanza liwe sentensi nne: jina lako, ulikotoka, kwamba unajifunza lugha yao, na ombi la kusahihishwa. Mwalimu azitamke, umrekodi kwenye simu, urudie hadi acheke kidogo tu.

Mchana, mtaani. Waambie sentensi hizohizo watu 15. Muuza duka, mlinzi, kinyozi, mama aliyeketi kibarazani. Usitafute mazungumzo marefu. Sema zako nne, sikiliza, shukuru, ondoka. Mtu wa tatu atakurekebisha neno. Wa saba atakuuliza swali ambalo hujalielewa: liandike lilivyosikika, hata kwa herufi za ovyo.

Jioni. Mpelekee mwalimu lile swali. Jibu lake ndilo somo la kesho.

Mwezi mmoja wa namna hii, mtaa mzima unakujua kama yule mgeni anayejifunza, na anayejifunza huvumiliwa mengi. Mgeni anayefundisha hupimwa kila neno.

Mambo mawili ya kuangalia. Moja, mkalimani. Mtumie hospitalini, benki na uhamiaji, lakini usimtumie kununua nyanya. La pili ni maombi: jifunze kuomba kwa lugha yao mapema, sentensi mbili tatu, na usikariri sala nzima usiyoielewa. Wenyeji husikia tofauti.

Umefika mahali pazuri ukiweza kumpigia mtu simu na mkaelewana bila kuonana sura. Simu haina mikono wala macho ya kukusaidia. Kwa lugha nyepesi tarajia hilo mwezi wa sita au wa nane, kwa ngumu hata mwaka na nusu.

## Hatua ya 5: Kanisani, keti nyuma

Kama mahali pana kanisa, jiunge kama muumini. Utaombwa kuhubiri Jumapili ya kwanza, na kukataa kutaonekana kama dharau. Jibu lenye heshima ni kwamba umetumwa kujifunza kwanza, na ungependa wazee wakuambie wakati ukifika. Kutoa salamu, ndiyo. Mahubiri yangoje miezi sita, na kama lugha ni ngumu, mwaka.

Paulo alipofika Athene alipita huko na huko akitazama walichokiabudu, na aliposimama Areopago alianza na madhabahu aliyoiona kwa macho yake mwenyewe (Matendo 17). Wewe hujaona bado. Hujui mahubiri yako yatapita juu ya ugomvi gani, wala mfano wako wa shamba utamgusa nani aliyenyang'anywa shamba.

Tafuta mzee mmoja wa kanisa au mama mtu mzima anayeheshimika, umwombe muda kila wiki. Uliza mambo ya namna hii:

- Hapa mtu akifiwa, jirani anafanya nini siku ya kwanza? Na asiyekwenda anaonekanaje?
- Mgeni akikosea, nani humwambia? Au hakuna anayemwambia?
- Ni lini "ndiyo" huwa ni "hapana" ya adabu?
- Wageni wa kanisa waliopita, nini kiliwapendeza kwao, na nini hakikuwapendeza?

Swali la mwisho usiliulize mapema. Likijibiwa kwa ukweli, ujue umepokelewa.

Misiba uende yote unayoalikwa, na ile ambayo hualikwi lakini majirani wanakwenda. Keti, nyamaza, saidia kubeba viti. Sijui njia ya haraka zaidi ya kuingia kwenye maisha ya watu.

Kama hakuna kanisa kabisa, hatua hii inakuwa ya familia: tafuta nyumba moja inayokupokea, kaa nayo. Lile agizo la Luka 10 la kutohamahama nyumba kwa nyumba lina busara ya kawaida kabisa. Anayehama kwenda kwa mwenyeji mwenye nacho zaidi huonekana na kijiji kizima.

## Hatua ya 6: Fedha na mkono wa kutoa

Hapa ndipo wema huvunja kazi.

Ndani ya wiki ya tatu mtu atakuja na shida ya kweli. Ada ya mtoto, dawa, kodi ya nyumba. Utatoa kwa huruma. Kesho watakuja wawili. Mwezi wa tatu uhusiano wako na mtaa mzima umekuwa wa mwombaji na mtoaji, nawe huwezi tena kujua nani anakuja ibadani kwa ajili ya nini. Nao hawajui kama unawapenda au unawanunua.

Weka utaratibu kabla ya hodi ya kwanza:

1. Kwa miezi sita, usitoe msaada wa fedha taslimu kwa mtu mmoja mmoja, ila hatari ya uhai. Mtu akitokwa damu, toa, mpeleke, na hesabu baadaye.
2. Fungu la huruma liwe na kiwango kwa mwezi, lipite kwa wazee wa kanisa au kamati ya wenyeji. Wao wanajua nani ana ndugu wa kumsaidia na nani hana.
3. Usikopeshe. Ukikopesha, hesabu umetoa, maana deni humfanya mtu akukwepe, na ulikuja kwa ajili yake.
4. Usiajiri mtu peke yako. Uliza mshahara wa haki, saa za kazi, sheria ya nchi. Kulipa mno huleta uadui kwa majirani walioajiri, na kulipa kidogo ni dhambi.
5. Usiahidi mradi. Hata "tutaangalia" ya mgeni husikika kama ahadi.

Jambo ambalo hufundishwi kwenye semina ni kupokea. Azima kikapu. Omba msaada wa kurekebisha mlango. Kubali chakula cha mtu maskini bila kumrudishia fedha papo hapo. Ukiwa unatoa tu bila kuhitaji kitu, hakuna anayeweza kuwa rafiki yako, atabaki kuwa mnufaika.

Dalili njema: jirani amekuja kwako, mmekaa saa nzima, ameondoka, na hakuomba kitu.

## Hatua ya 7: Mwezi wa tatu hadi wa nane, kiza

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni: kwanza mgeni hupendezwa na kila kitu, kisha kila kitu humkera, halafu polepole hupata nafuu, mwisho huzoea. Si kila mtu hupita kwa mpangilio huo, ila kipindi cha kukerwa karibu wote hukiona.

Kinakuja kwa vitu vidogo. Unakasirika kwa namna wanavyopanga foleni. Unajikuta unasema "hawa watu." Unashinda na simu ukitazama video za nyumbani. Unaanza kuamini kwamba Mungu alimwita mtu mwingine akakosea namba. Usilitafsiri hilo kama shambulio la kiroho peke yake, wala kama uthibitisho kwamba wito haukuwa wa kweli. Ubongo umechoka kutafsiri kila kitu kuanzia asubuhi.

Fanya haya: siku moja kamili ya kupumzika kila wiki, isiyo Jumapili kama Jumapili una majukumu. Mwendo wa nusu saa kila siku. Usomaji wa Neno kwa lugha ya moyo wako, bila kuandaa somo la mtu. Simu ya nyumbani iwe na siku na saa, maana ukiongea nao kila usiku unaishi huko. Na katika kipindi hiki usifanye uamuzi mkubwa, wa kurudi wala wa kuhama.

Tahadhari ya uzito. Usingizi ukikosekana wiki mbili mfululizo, hamu ya kula ikiisha, au ukiwaza kufa, huo ni ugonjwa unaotibika. Mpigie yule mtu wako wa kukusikiliza leo, na umwone daktari. Ukiwaza kujidhuru, usikae peke yako hata usiku huo mmoja. Kufunga na kuomba kuendelee sambamba na daktari, na usifunge chakula ukiwa katika hali hiyo.

## Hatua ya 8: Nyumba yako mwenyewe

Katika ndoa nyingi za wamisionari mmoja hutoka kila siku na mwingine hubaki na watoto. Anayetoka hupata lugha na marafiki. Anayebaki hupata kuta. Mwaka ukiisha wanaishi nchi mbili ndani ya nyumba moja.

Dawa yake iko kwenye ratiba: wote wawili wasome lugha kwa saa sawa, wakipokezana watoto. Lipieni wote wawili ada ya shule tangu fungu la kuanzia. Angalieni pia kibali cha mwenza, maana mara nyingi cha mtegemezi hakiruhusu kazi, na mtu aliyekuwa na taaluma yake hugeuka tegemezi bila kuulizwa.

Watoto wapewe ukweli kwa kiwango chao. Waruhusuni kuikumbuka nyumbani na kulia. Mtoto anayeambiwa kila mara kwamba "tuko hapa kwa ajili ya Yesu" hujifunza kumlaumu Yesu. Shuleni beba ripoti za masomo na kadi ya chanjo, na endeleeni kuongea naye lugha yenu nyumbani hata akijibu kwa lugha mpya.

Usiye na ndoa, tafuta meza ya familia ambayo huna haja ya kualikwa. Uliza mapema desturi za mwanamume na mwanamke kuonana peke yao, na ufuate ile iliyo kali zaidi.

## Hatua ya 9: Wamisionari wenzako

Utakerwa nao kuliko wenyeji, kwa sababu wenyeji ulijiandaa kuwavumilia. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohana Marko hadi wakatengana (Matendo 15), na miaka baadaye Paulo akiwa kifungoni aliagiza aletewe Marko huyohuyo (2 Timotheo 4:11). Kwa hiyo msizungumze ya mwenzako mbele ya wenyeji, na msiandike ya mwenzako kwenye barua za nyumbani. Wekeni kikao cha mwezi chenye ajenda moja: nani amemkwaza nani. Bila chai kitakuwa kigumu.

## Hatua ya 10: Taarifa ya kila mwezi

Ukurasa mmoja, tarehe ileile kila mwezi, hata kama hakuna jipya. Kimya huleta uvumi, kisha huleta upungufu wa fedha.

Mfano wa taarifa inayotosha:

> "Mwezi huu nimesoma lugha saa 82. Naweza kununua vitu na kusalimia wazee, bado siwezi kufuata mahubiri. Nimehudhuria misiba miwili. Kibali kimetoka hadi mwakani. Wiki ya tatu niliugua tumbo, nimepona. Mapokezi na matumizi nimeambatanisha. Ombeni nipate rafiki wa rika langu."

Ukweli wa namna hii hufunga midomo ya wanaodai miujiza kila mwezi, na waombezi wanapata kitu cha kuombea.

Picha za watu uombe ruhusa kila moja, na za watoto uwaombe wazazi. Usimpige mtu picha katika hali ambayo wewe usingetaka mama yako aonekane. Ukiwa mahali ambapo kubadili imani ni hatari, usitaje majina, mji wala tarehe za ubatizo, hata kwenye kundi la maombi la watu unaowajua. Ujumbe husambazwa na mtu mwenye nia njema, ukamfikia asiye nayo.

## Hatua ya 11: Mwezi wa 12, kaa chini na wenyeji

Kabla ya kuandika mpango wa mwaka wa pili, waite wenyeji watatu wanaokufahamu, waulize: niache nini, niendelee na nini, kazi gani mnadhani naiweza hapa? Usijitetee. Andika. Majibu yao yapeleke nyumbani pamoja na ule ukurasa wa Hatua ya 1, mpitie upya na wazee.

Upo tayari kuanza huduma ukiwa na haya: lugha ya simu, kibali halali kisichopungua mwaka, nyumba tatu unazoingia bila miadi, na mwenyeji mmoja aliyewahi kukukemea. Likikosekana moja, ongeza miezi sita ya kujifunza na uwaandikie wanaokutuma sababu.

Ukienda likizo nyumbani na kwenu kuna malaria, ulizia dawa ya kinga kama mgeni yeyote, kwa maana ile kinga kidogo ya mtu aliyekulia kwenye malaria hupungua akikaa mbali. Na ukirudi kituoni ukapata homa, hata miezi kadhaa baadaye, mwambie daktari siku hiyohiyo ulikuwa wapi. Katika nchi isiyo na malaria huenda asiwaze kupima.